Pasi Moto Anarudi Kazini

Jina la Pasi Moto alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, likamkaa mpaka watu wakasahau kuuliza jina lake la kuzaliwa. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, hakukuwa na aliyenyoosha shati la mgeni kama yeye. Kola ilisimama yenyewe, mikono ilikuwa na mstari mmoja tu, na huwezi kuona hata alama ya pasi pembeni ya vifungo. Sababu ya pili ilikuwa mdomo. Ukimgusa vibaya, anakuunguza. Kuna meneja aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba wanawake wa kufulia kazi yao ni kupiga soga. Alijibiwa palepale, na kuanzia siku hiyo akawa anazungukia mlango wa nyuma ili asipite mbele ya meza ya kupigia pasi.

Aliipenda kazi ile. Alipenda joto lake, mvuke unaopanda na kumlowesha uso, harufu ya shuka zilizotoka sasa hivi kwenye mashine ya kukaushia, na ule mlio wa kitambaa kibichi kinapokutana na chuma cha moto. Alidhani atazeekea pale. Lakini hoteli ikabadilisha mmiliki, na mmiliki mpya akaona nafuu nguo zipelekwe nje kwa kampuni yenye watu wake. Asubuhi moja wafuaji wote wakaitwa kwenye ukumbi wa chakula, wakakalishwa kwenye viti vya wageni, wakapewa chai na keki. Walipomaliza keki wakaambiwa kwaheri.

"Bora wangenitukana," Pasi Moto alimwambia mwenzake wakitoka getini. "Keki ya nini sasa?"

Ndoa yake ilikuwa imeshavunjika zamani bila mtoto, na kodi ya chumba haingoji mtu apate kazi. Akafunga virago, akahamia kwa kaka yake. Huyu kaka alikuwa meneja wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa tumbo mbele na sauti nene, ambaye akisalimia wageni nyumba nzima inajua. Mkewe alikuwa msusi, mwenye saluni yake ndogo, anayesimama kutwa nzima na kurudi jioni miguu imevimba. Mama yao mzazi alikuwa akiishi humohumo. Na haukupita muda mrefu tangu Pasi Moto ahamie, mama akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito.

Hakuna aliyeitisha kikao kuamua nani atamtunza. Kaka alikuwa na duka, wifi alikuwa na saluni, Pasi Moto hakuwa na kazi. Mwanamke wa kulipwa aliyeletwa mwanzoni hakudumu, kwa hiyo kazi zote zikawa zake.

Aliamka kabla ya wengine kumgeuza mama ubavu wa pili, asije akapata vidonda. Alimwosha, akamsugua mgongo kwa mafuta, akambadilishia shuka, akamlisha kwa kijiko akisubiri kila tonge limezwe kabla ya kuleta jingine. Alimnyoosha vidole vya mkono uliolala, kimoja kimoja, kama alivyofundishwa hospitali. Wenye nyumba walipoondoka, alifagia, akapika, akafua. Mama alikuwa akimtazama kwa lile jicho lake lililo zima, na wakati mwingine anasema kwa taabu, "Mwanangu, mikono yako mizuri." Hayo ndiyo yalikuwa malipo, na Pasi Moto aliyapokea kwa moyo mmoja.

Kilichomchoma ni kaka. Wakija wageni, kaka hupenda kuwachekesha, na kichekesho chake kilikuwa ni dada yake.

"Huyu mdogo wangu," atasema huku akijipangusa mdomo, "dunia imemsahau. Mtu mzima, mikono miwili, miguu miwili, mzima wa afya! Nimembeba kama mzigo wa saruji."

Wageni watacheka kidogo, kwa adabu. Pasi Moto atakuwa amesimama pale na sinia mkononi, nywele zikiwa bado zinanuka mafuta ya kumsugulia mgonjwa. Yule mwenye mdomo wa moto alikuwa amejifunza kuumeza moto wake. Angejibu nini, naye anakula kwa mtu?

Na wifi naye hakuwa mwepesi. Hakutukana, ila alikuwa na namna yake ya kuhamisha sufuria kwa kishindo, na kusema hewani, "Kuna watu wakikaa, wamekaa." Wawili hao waliishi jiko moja kama paka waliofungiwa kwenye gunia.

Si kwamba Pasi Moto alikuwa amekaa tu. Kila alipopata jirani wa kumshikia mama kwa saa chache, alitoka kutafuta kazi. Alizunguka hoteli, hosteli, shule za bweni, hospitali, madobi wakubwa kwa wadogo. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya dawa ya madoa na haikufufuka, kwa hiyo kila mahali aliacha namba ya kaka. Jioni kaka akirudi, atamsubiri avue viatu kwanza, kisha amuulize:

"Kaka, hakuna aliyepiga?"

"Wangepiga ningekuficha?" kaka hujibu. "Kaza buti, mdogo wangu. Kazi haikufuati jikoni."

Mwishowe kazi aliipata kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa amempeleka mama hospitali kufanyiwa mazoezi ya mkono, akawa anasubiri kwenye veranda. Mhudumu mmoja akapita akisukuma toroli la shuka zilizokunjwa hovyo, nyingine zinaburuta chini. Pasi Moto alivumilia mpaka toroli likafika kona, akashindwa. Akalifuata hadi chumba cha kufulia. Humo alimkuta msimamizi, mzee mwembamba aliyekuwa akipambana na lundo la shuka peke yake, kwa kuwa wasaidizi wawili walikuwa hawajafika. Pasi Moto hakumsalimu sana. Alishika ncha mbili za shuka, mzee akashika nyingine mbili, wakavuta, wakakunja, wakakutana katikati. Wakachukua nyingine. Lundo lilipokwisha ndipo mzee akamtazama.

"Wewe umefanya kazi hii wapi?"

Alimweleza. Mzee akamwambia arudi wiki ijayo afanyiwe usaili, nafasi ipo. Akarudi, akafanyiwa usaili, akapita. Aanze Jumatatu.

Basi habari ilipofika nyumbani, ungedhani kuna arusi. Kaka alipiga simu kwa kila anayemjua. "Nimemhangaikia sana," Pasi Moto alimsikia akisema sebuleni, na sauti ile haikuwa ya kunong'ona. "Nilisema lazima nimtoe. Damu ni damu." Pasi Moto alisimama mlangoni kwa mama na beseni la maji ya vuguvugu, akajiuliza kama amesikia vizuri. Amemhangaikia wapi? Akaamua kuachana nayo. Mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi hujifunza kuacha mambo mengi yapite.

Alikuwa na maandalizi yake. Alitafuta viatu vilivyofunikwa vidole, vya soli ya mpira, kwa sababu sakafu ya chumba cha kufulia haikauki. Alikata kucha. Alianza kulala mapema na kuamka na kuvaa kama anayetoka, apime muda wa kumhudumia mama na kufika hospitali bila kukimbia. Kubwa zaidi, alitafuta mtu wa kukaa na mama mchana. Akampata mama mmoja wa mtaa wa pili, mpole, aliyewahi kutunza wagonjwa majumbani. Kaka alikunja uso kama aliyelamba ndimu.

"Kwani lazima tuajiri mtu?"

"Sasa nani atamgeuza, kaka? Wewe?"

Mama naye alibadilika. Yule mama wa mtaa wa pili alipokuja kujaribu, mama alifunga mdomo, akakataa kijiko. Akasema mikono ya mgeni huyo ni baridi. Jioni alimgeuzia Pasi Moto kisogo na hakutaka kuongea. Pasi Moto alidhani ni ugonjwa, maana ugonjwa ule humfanya mtu kuwa na siku nzuri na siku mbaya. Akambusu kwenye paji la uso, akamfunika.

Alhamisi akaenda hospitali kupimwa afya na kuchukuliwa vipimo vya sare. Kwanza alipitia ofisi ya ajira. Humo kulikuwa na dada mmoja mchangamfu, mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, ambaye alipoliona jina lake kwenye fomu alicheka.

"Ndiye wewe! Haya, leo umekamatika. Mwaka jana ulitukimbia."

Pasi Moto akacheka naye, bila kujua wanachekea nini. "Nilikimbia wapi, dada? Mwaka jana niliacha maombi yangu hapa, nikasubiri mpaka nikachoka."

"Tulikupigia sisi. Mimi mwenyewe nilipiga. Nafasi ilikuwa ya msaidizi wa msimamizi, na jina lako lilikuwa la kwanza."

"Mlipiga namba gani?"

Dada yule akaitaja. Pasi Moto aliijua namba ile kwa moyo, maana ndiyo aliyokuwa akiiacha kila mahali.

"Alipokea mwanaume," dada akaendelea, sasa akiwa hana uhakika kama aendelee. "Sauti nzito. Mstaarabu sana, jamani. Alisema umeshapata kazi mji mwingine, umehama, tusihangaike. Hata alitushukuru."

"Alishukuru," Pasi Moto akarudia.

"Kuna tatizo?"

"Hapana, dada. Hakuna tatizo. Mlipiga mara moja tu?"

"Mara mbili. Ya pili ilikuwa baada ya yule tuliyemchukua kuondoka. Akatujibu vilevile."

Kutoka hapo alikwenda kwa fundi cherehani wa hospitali, akasimama mikono imenyooshwa. Fundi alimzungushia futi kifuani, akaisoma, akaizungusha tena.

"Legeza mabega, dada. Nikishona kwa kipimo hiki, ukitulia sare itakupwaya."

"Shona hivyohivyo," alisema Pasi Moto. "Sitatulia leo wala kesho."

Alitembea mpaka nyumbani. Njiani watu walimsalimia, wengine hakuwaona. Kichwani ilikuwa inapita sauti moja tu. Wangepiga ningekuficha? Wangepiga ningekuficha? Alikumbuka jioni zote alizomsubiri yule mtu avue viatu. Alikumbuka ule mzigo wa saruji, na wageni wanacheka. Hasira ya kunyimwa kazi angeweza kuibeba. Lakini kunyimwa kazi na mtu yuleyule anayekucheka kwa kukosa kazi! Alipofika getini aliingiza ufunguo usio wa geti mara mbili.

Kaka hakuwapo. Alikuwa amesafiri kufuata mzigo wa duka, arudi Jumamosi. Hilo lilikuwa balaa, kwa sababu hasira isiyo na mtu wa kuipokea humla mwenyewe. Pasi Moto akawasha pasi. Alinyoosha nguo za mama, kisha mashuka, kisha mapazia aliyoyatoa dirishani yakiwa masafi, kisha taulo. Ijumaa akaanza upya. Wifi aliporudi kutoka saluni alimkuta kwenye kona ya jiko, jasho linamtiririka, ananyoosha vitambaa vya kupangusia vyombo na kuvipanga kama mashati ya arusi.

"Wifi! Hata matambara?"

Pasi Moto akavuta kitambaa kingine. Wifi akahamisha sufuria yake, na safari hii hakuipigiza.

Jumamosi mchana kaka akaingia na wageni wawili, wafanyakazi wenzake, waliokuja kula na kumpongeza dada mtu. Chakula kikaandaliwa. Mlango wa chumba cha mama uliachwa wazi kama kawaida, ili akihitaji kitu asikike. Walipoanza kula, kaka akaegemea kiti.

"Jamani, mimi sisemi mengi. Mnajua nilivyohangaika na huyu. Nimeongea na huyu, nimeongea na yule, nimegonga milango. Watu wangesema nimemtelekeza mdogo wangu. Leo Mungu amejibu."

Pasi Moto alikuwa amebeba jagi la maji. Aliliweka katikati ya meza, taratibu sana, na kuliweka kwake taratibu ndiko kulikomfanya wifi ainue macho.

"Kaka," alisema, "hospitali walipokupigia mwaka jana, uliwaambia nimehamia mji gani?"

Kaka alikuwa na tonge mdomoni. Hakulitafuna, hakulimeza.

"Nauliza tu. Nami nipajue. Pengine nina nyumba huko."

"Hayo..." kaka akameza. "Hayo tutaongea baadaye. Si mbele ya wageni."

"Mbele ya wageni ndipo uliponiita mzigo wa saruji. Mbele ya hawahawa. Si mlicheka?" Akawageukia wale wawili. "Mlicheka, nami siwalaumu, mlikuwa wageni. Leo sikieni na huu upande wa pili. Walimpigia mara mbili. Jina langu lilikuwa la kwanza. Akawaambia nimepata kazi, nimehama, msihangaike. Akawashukuru! Kisha jioni anakuja ananiambia kaza buti."

Mgeni mmoja akasukuma sahani, akaanza kuinuka. "Shemeji, sisi labda..."

"Kaa, shemeji," wifi alisema bila kumtazama. Alikuwa anamtazama mumewe. "Simu gani hiyo?"

"Mke wangu, usiingie hapa."

"Nimeshaingia. Simu gani? Ina maana huyu alikuwa na kazi? Mwaka jana?" Wifi alisimama, na kiti chake kikaanguka nyuma. "Mimi nimemchukia mwenzangu mwaka mzima! Nimelala namchukia, nimeamka namchukia. Nikikuuliza ataondoka lini, unaniambia mvivu, hataki kutafuta, nimvumilie kwa ajili yako. Umenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu!"

Kaka alijaribu ile sauti yake nene, lakini ilitoka imekatika. "Nyinyi hamwelewi. Nani angekaa na mama? Semeni! Wewe ungefunga saluni? Mimi ningefunga duka?"

"Ungeniambia!" Pasi Moto sasa alikuwa anapiga kelele, na wala hakujali kama mtaa mzima unasikia. "Ungesema, mdogo wangu, kazi imepatikana, lakini mama hana mtu, tufanyeje? Hayo maneno ni mazito kiasi gani kwako? Ukaninyima kazi, sawa, ulikuwa na sababu. Kunicheka je? Kunicheka kulikuwa kwa ajili ya mama?"

Hapo ikasikika sauti kutoka chumbani. Ilikuwa ndogo, yenye maneno yanayojikwaa.

"Mwacheni. Mimi ndiye niliyesema."

Pasi Moto akaenda, akasimama kwenye kizingiti. Mama alikuwa amelalia mgongo, lile jicho zima linaangalia dari.

"Ulisema nini, mama?"

"Simu ilipigwa akiwa hapa. Alikuwa ameketi hapa. Nikamwambia akuambie... hapana. Nikamwambia awaambie umehama."

"Kwa nini?"

"Yule wa kwanza," mama akasema. Pasi Moto akajua anamsema nani. Wiki zile za mwanzo kabisa baada ya kiharusi, kaka alikuwa amemleta mwanamke mmoja wa kukaa na mama, Pasi Moto akishinda nje kutafuta kazi. Hakudumu. "Alikuwa ananifinya. Ananiacha kwenye shuka lililolowa mpaka mnarudi. Sikuweza kusema, ulimi ulikuwa haujarudi. Nikaogopa, mwanangu. Nikaona ukienda, ataletwa mwingine."

Mtu mwingine angelia. Pasi Moto alihisi machozi yamekuja mpaka kooni yakakutana na hasira, na hasira ikayarudisha.

"Ungeniambia mama. Mimi ningekaa. Unanisikia? Ungeniomba tu, ningekaa, na wala nisingekuona mbaya. Lakini ulikuwa umelala hapa, mlango wazi, unamsikia ananiita mzigo. Unasikia wanacheka. Nami natoka hapo nakuja kukuosha. Hukusema kitu. Ulimi ulikuwa umerudi, mama. Mbona mikono yangu uliisifu?"

Mama akafumba jicho. Maji yakatoka pembeni yake yakaingia sikioni. Kwa mazoea Pasi Moto alichukua kitambaa akampangusa, kisha akakitupa kitandani kana kwamba kimemuunguza, akatoka nje kwa mlango wa jikoni.

Alizunguka mtaa, akapita maduka, akapita kiwanja cha watoto wanaocheza mpira, akarudi. Hakuwa na pa kwenda, na hilo nalo lilimkasirisha. Aliporudi wageni walikuwa wameshaondoka. Kaka alikuwa amejifungia chumbani. Wifi ndiye aliyekuwa kitandani kwa mama, amepandisha mikono ya gauni, anajaribu kumgeuza peke yake na hajui pa kushika.

"Siwezi," alisema, anahema. "Namuumiza."

"Shika nyonga, si bega," Pasi Moto akajibu. "Goti lake likunje kwanza."

Jumapili nzima alimfundisha wifi na yule mama wa mtaa wa pili, amri tupu, hakuna neno la ziada. Hivi, si hivyo. Tena. Mpe nafasi ameze. Mama hakukataa kijiko siku hiyo. Kaka alitokeza mara moja akauliza kama kuna chochote anachoweza kufanya. Pasi Moto akamwambia, "Kipo. Kila asubuhi utachemsha maji na utapika kifungua kinywa cha mama kabla hujavaa hilo shati lako. Na kila jioni utamketisha na kumsomea habari, maana macho yake yamechoka na wewe sauti unayo." Kaka akasema sawa.

Jumatatu Pasi Moto akaenda kazini. Haikuwa siku ya ajabu. Mashine moja ya kukaushia ilikuwa mbovu, wasaidizi walichelewa, na mzee msimamizi alikuwa na kikohozi. Alichukua toroli la kwanza la shuka akaanza. Saa za asubuhi alikuwa na hasira kiasi kwamba wasaidizi walimpa kona yake peke yake. Wakamuuliza mzee, huyu mpya ana nini? Mzee akasema, sijui, lakini tazameni foronya zake. Ilipofika mchana, katikati ya mvuke, aligundua kwamba kwa muda fulani hakuwa amemfikiria kaka yake hata kidogo. Akashangaa. Kisha akamfikiria, akakasirika upya.

Baada ya miezi kadhaa alipanga chumba karibu na hospitali. Siku anahama, wifi alimfungia vyombo, akalia waziwazi, akampa na sufuria ileile aliyokuwa akiipigiza. Mpaka leo ni marafiki, watu wa kutembeleana na kusukana. Kaka alijitolea kumbebea mizigo kwa gari la duka, Pasi Moto akakataa, akakodi mkokoteni.

"Nifanye nini unisamehe?" kaka alimuuliza, amesimama getini na funguo za gari mkononi.

"Waliokuwepo ukinicheka, waambie wao. Kwangu usije."

Kaka alichukua muda kuumeza huo mfupa. Baadaye habari zikamfikia Pasi Moto kupitia wifi kwamba amemwambia mmoja wa wale wageni ukweli wote, kwa aibu kubwa, wakiwa dukani. Wa pili hajamwambia bado. Kwa hiyo Pasi Moto humsalimia kaka yake kwa neno moja, wala haongezi.

Kwa mama huenda Jumapili, bila kukosa. Mwanzoni alikuwa anamhudumia bila kuongea, kama mtu anayenyoosha shati la mgeni asiyemjua. Siku hizi wanaongea. Mama anauliza habari za hospitali, nani kagombana na nani, na mkono wake wa kushoto umeanza kushika kikombe. Jumapili moja mama alimuuliza:

"Bado umenikasirikia?"

"Bado, mama."

Mama akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Akasogeza kwa ule mkono wake dhaifu sahani iliyokuwa mezani kando ya kitanda, imefunikwa na nyingine.

"Kula, basi. Nilimwambia wifi yako akuwekee. Umekonda."

Chakula kilikuwa kimepoa. Pasi Moto alikila chote, ameketi ukingoni mwa kitanda, kisha akanawa mikono na kuondoka kuwahi zamu ya jioni.